Simeoni Nsibambi, Mtu Aliyetulia Mbele ya Mungu

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Neno hilo twalisikia tangu utotoni, twalikubali kwa kichwa, kisha twaendelea kukimbia kama kwamba halikusemwa. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na wa polisi habari za mtu mmoja wa Kampala aliyelichukua neno hilo kwa uzito wake. Alipunguza mwendo wa maisha yake, akaketi kimya mbele ya Mungu, na matokeo ya kuketi huko yakaenea Uganda, Rwanda, Kenya, Tanganyika na mbali zaidi. Mtu huyo ni Simeoni Nsibambi, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1978.

Huenda msomaji aliye zamu pale Wandegeya akauliza habari za mzee wa kanisa zamhusu nini. Wandegeya ni njia panda. Upande mmoja kimeinuka kilima cha Makerere chenye chuo kikuu, upande wa pili kilima cha Mulago chenye hospitali kuu ya taifa, na katikati yapita barabara ya Bombo iendayo kaskazini. Jina lenyewe wenyeji hulihusisha na ndege wadogo wasukao viota, waitwao kwa Kiganda endegeya, ambao hawajui kunyamaza mchana kutwa. Leo kelele za ndege hao zimemezwa na honi za magari, ngurumo za pikipiki za bodaboda, sauti za wachuuzi na vicheko vya wanafunzi washukao kilimani jioni. Kituo cha polisi kipo papo hapo. Askari wa mahali kama hapo hupokea mwizi, mlevi, mama anayelia na mwanafunzi aliyeibiwa, wote ndani ya saa moja. Akitoka zamu, masikio yake bado yavuma. Basi habari za mtu aliyetafuta utulivu katika mji huu huu, si jangwani wala mlimani, zamhusu sana.

Tena Nsibambi hakuwa mgeni wa sare wala wa utumishi wa serikali. Alizijua amri, alizijua safari za vita, na alijua maana ya kupokea mshahara mwisho wa mwezi.

MWANA WA CHIFU

Mwaka aliozaliwa ulikuwa mwaka wa misukosuko. Mwaka huo wa 1897 Kabaka Mwanga aliwaasi Waingereza, na kabla ya mwaka kwisha wale askari wa Kisudani waliokuwa tegemeo la serikali ya kikoloni nao wakaasi. Mwaka huo huo Dokta Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo juu ya kilima cha Namirembe. Mtoto Nsibambi alizaliwa katika jamaa ya chifu wa Kiganda, naye alikuwa na umri wa miaka mitatu tu Mapatano ya mwaka 1900 yalipowagawia machifu ardhi ile iitwayo mailo. Kwa hiyo alikulia katika nyumba yenye heshima na mali.

Alipelekwa shule, akafika King's College Budo, chuo kilichofunguliwa mwaka 1906 kwa ajili hasa ya watoto wa wakubwa. Kijana aliyetoka Budo siku zile alikuwa amefunguliwa milango mingi. Aliweza kuwa karani, mkalimani, mwalimu au chifu. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia viliingia Afrika Mashariki, na Nsibambi akajiunga na kile kikosi cha utabibu cha Waafrika kilichokusanya vijana waliosoma wa Uganda ili wakawahudumie wagonjwa na majeruhi.

Ndugu zetu wanajeshi wanajua jinsi vita vile vilivyokuwa. Katika Afrika Mashariki maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi, na walioumia zaidi walikuwa wapagazi wasiobeba silaha yoyote. Kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa viliwamaliza watu njiani. Kijana wa utabibu hakulenga adui shabaha. Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya mtu anayekata roho, na kumpa maji pale ambapo hakuna dawa. Twaweza kusema kwamba huko Nsibambi alikiona kifo kwa karibu kabla hajatimiza miaka 22.

Vita vilipokwisha aliajiriwa katika idara ya afya. Ilikuwa kazi njema yenye cheo na mshahara wa uhakika, na Kampala ya wakati ule ilikuwa mji mdogo unaokua haraka. Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1913, ilikuwa ikipanuka, na mwaka 1922 Makerere ilifunguliwa kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu. Milima hiyo miwili iliyoizunguka Wandegeya ilikuwa ikipanda mbegu za elimu na tiba kwa Afrika Mashariki yote. Kila kijana mwenye akili alitazama juu.

MWAKA 1922

Nsibambi naye alitazama juu. Alitamani apewe msaada wa masomo aende ng'ambo, na nafasi hiyo hakuipata. Moyo wake ulivunjika. Askari aliyewahi kuona jina la mwenziwe likisomwa katika orodha ya waliopandishwa cheo, la kwake lisisomwe, anaijua ladha ya uchungu huo.

Katika uchungu ule ndipo lilipompata jambo lililomgeuza. Alisadiki kwamba Mungu amemwonyesha kuwa uzima wa milele wazidi kwa mbali masomo ya ng'ambo, na kwamba mtu akiupata ulimwengu wote bila huo hana alichopata. Huo ulikuwa mwaka 1922. Tangu hapo alianza kuisoma Biblia kwa bidii na kuomba kwa muda mrefu. Hata hivyo alibaki kazini. Miaka saba nzima alikuwa mtumishi wa serikali mchana, na mtu wa maombi alfajiri na jioni.

Twaomba msomaji aishike miaka hiyo saba. Mara nyingi habari za watu wa Mungu husimuliwa kana kwamba siku moja waliona nuru na kesho yake wakaacha yote. Kwa Nsibambi haikuwa hivyo. Alijifunza kutulia akiwa angali na saa ya kuripoti, na mkubwa wa kumsikiliza, na kazi ya kumaliza. Shule yake ya ukimya ilikuwa ndani ya ajira.

MKUTANO WA NAMIREMBE

Mwezi wa Septemba 1929 alikutana kule Namirembe na Dokta Joe Church, kijana wa Kiingereza aliyesomea Cambridge na aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Church alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Rwanda ilikuwa imepitia njaa kali ya miaka 1928 na 1929, nayo Gahini ilikuwa imejaa watu waliokonda na wanaokufa. Daktari yule alikuwa amefanya kazi usiku na mchana hadi akaishiwa nguvu.

Basi hapo walikutana watu wawili wenye kiu moja. Mmoja alikuwa amechoshwa na kazi nyingi njema, na mwingine alikuwa na hakika kwamba kuna zaidi ya yale aliyoyapata. Hawakuanzisha chama wala hawakuandika mpango. Kwa siku mbili walikaa pamoja wakiifungua Biblia, wakifuata mafundisho juu ya Roho Mtakatifu kutoka kitabu hadi kitabu, na kuomba. Siku mbili hizo ndizo wanahistoria wengi huzihesabu kuwa chemchemi mojawapo kubwa ya ule Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao watu wake huitwa Balokole, yaani waliookoka.

Church akarudi Gahini. Nsibambi, muda mfupi baadaye, akaacha kazi ya serikali ili ashuhudie habari za imani yake. Watu walistaajabu. Mwafrika aliyekuwa na cheo katika idara ya afya aache mshahara! Yasimuliwa kwamba mmisionari mmoja alimlalamikia Church na kumwuliza amemfanya nini Nsibambi, kwa maana sasa anazunguka akimwuliza kila mtu kama ameokoka, na hakumwacha hata mtunza bustani wa mmisionari huyo. Wengine walimwona ameingiwa na wazimu.

Hapa hatuna budi kusema kweli. Nsibambi aliweza kuacha mshahara kwa sababu alikuwa na ardhi. Mwana wa chifu mwenye mailo halali njaa mwezi ukiisha. Koplo mwenye watoto wanne na chumba kimoja katika kambi hawezi kumwiga katika jambo hilo, wala hatumshauri amwige. Kitu cha kuigwa ni kile alichokuwa akikifanya katika miaka ile saba kabla ya kuacha kazi.

YALIYOMO KATIKA UKIMYA

Watu wengi hudhani kwamba kutulia mbele ya Mungu ni kupumzika tu, kama mtu alalaye chini ya mwembe. Kwa Nsibambi na wenziwe ilikuwa kazi, tena kazi ngumu. Mtu aliamka mapema kabla ya watu wa nyumbani. Alisoma sehemu ya Maandiko polepole, bila kufukuzia kumaliza sura. Kisha aliyaelekeza yale aliyoyasoma kwake mwenyewe, akajihoji: jana nilimdanganya nani, nilimwonea nani, nina kitu cha nani nyumbani kwangu. Akiisha kujihoji alitubu, na baada ya kutubu alikwenda kutengeneza alichokiharibu.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyowashangaza watu wa nje. Balokole walijulikana kwa kurudisha vitu. Mtu alimwendea mwajiri wake na kukiri kwamba aliiba sukari au vitambaa. Mwingine alimrudishia jirani kuku, au alikwenda kulipa kodi aliyoikwepa. Ndugu zetu wa polisi wanafahamu jinsi ilivyo shida kuipata mali iliyoibwa hata kwa upelelezi wa miezi. Hapa mali ilirudi kwa miguu yake, bila hati ya upekuzi, kwa kuwa mwizi alikuwa ameketi kimya asubuhi moja na dhamiri yake ikapata nafasi ya kusema.

Nsibambi mwenyewe alikuwa na kipawa cha kumrudisha mtu kwenye moyo wake. Mfano mmoja wajulikana sana. Yosiya Kinuka alikuwa msaidizi mkuu katika hospitali ya Gahini. Alifika Kampala akamtembelea Nsibambi, amejaa malalamiko: hospitali haiendi vizuri, watu hawaelewani, mambo yamepooza. Nsibambi alimsikiliza, lakini hakuyafuata malalamiko yale. Alimrudishia swali la hali ya moyo wake yeye Kinuka, akamwonyesha kwamba ugonjwa wa hospitali ile huenda ulianzia ndani ya msaidizi wake mkuu. Kinuka alichukizwa. Lakini safari ya kurudi Rwanda ilikuwa ndefu, na katika urefu wa njia alipata muda wa kutafakari. Alifika Gahini mtu mwingine, akawa mmoja wa nguzo za Uamsho.

Ni kambi gani isiyo na malalamiko ya namna hiyo? Mkubwa ni mkali, posho imechelewa, zamu hazigawanywi kwa haki. Mengi ya malalamiko hayo ni ya kweli, nayo yana njia zake za kupelekwa kwa wakubwa. Hata hivyo yafaa kila mlalamikaji apate walau safari moja ndefu ya kujitazama mwenyewe.

JUMA MOJA LA BLASIO

Nsibambi alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi, mwalimu kijana aliyekwenda kufanya kazi Gahini na ambaye mwaka 1934 alifanywa shemasi. Blasio hakuwa mtu wa kukaa na mali. Alikuwa mwajiriwa, mwenye shule ya kuendesha na wanafunzi wa kuwaangalia. Mwaka 1935 alisumbuliwa sana na ubaridi aliouona katika kazi yake na katika kanisa lote. Badala ya kuongeza mikutano, alijitenga katika kibanda kidogo kwa muda wa juma moja, akaomba na kusoma peke yake.

Alipotoka, waliomjua waliona kuwa amebadilika. Maneno yake yalikuwa machache na yenye uzito. Katika mwezi wa Septemba 1935 alikuwa miongoni mwa waliohubiri huko Kabale, na mkutano ule ukawasha moto uliosambaa katika Kigezi yote. Januari 1936 alisafiri kuja Kampala kwa ajili ya sinodi ya kanisa, akiwa na mambo aliyotaka kuyaweka mbele ya wakuu wake juu ya ubaridi wa kanisa na dhambi zinazofumbiwa macho. Wito wake ulikuwa neno moja la Kiganda, zukuka, maana yake amka.

Hakuwahi kusimama katika sinodi. Alishikwa na homa ya papasi, akafariki katika hospitali ya Mengo tarehe 25 Januari 1936, angali kijana. Kifo hicho kilikuwa pigo kubwa kwa kaka yake. Lakini hoja za Blasio zilisomwa, na wito wake ukaenea kuliko ambavyo angaliueneza yeye mwenyewe. Miezi michache baadaye Uamsho uliingia katika chuo cha Mukono, na mwaka 1937 ulikuwa umevuka mpaka kuingia Kenya. Tanganyika, Burundi, Sudan na Kongo nazo zilifikiwa.

Habari za Blasio ni jibu kwa yule asemaye kwamba ukimya ni wa matajiri. Alikuwa na juma moja tu, nalo lilimtosha. Tena neno lake, amka, ni neno la askari wa lindo. Mtu aliyenyamaza mbele ya Mungu hakuwa amelala. Alikuwa macho kuliko wenziwe wote.

AMRI NA MAOMBI

Hatupendi kuwaonyesha ndugu zetu upande mmoja tu wa shilingi. Ukimya wa alfajiri ulileta pia mgongano. Mwaka 1941, katika chuo cha Bishop Tucker pale Mukono, wanafunzi wa Uamsho walikuwa na desturi ya kuamka yapata saa kumi ya alfajiri ili waombe pamoja, kisha walihubiri na kuwakemea wenzao. Mkuu wa chuo aliona kwamba desturi hiyo inavuruga utaratibu, akaikataza. Walipokataa kutii, wanafunzi wapatao 26 walifukuzwa, akiwamo William Nagenda, shemeji yake Nsibambi na mhubiri mkubwa wa baadaye.

Nani alikuwa na haki? Hata leo watu wa kanisa hawajakubaliana. Walokole waliamini kwamba wameombwa kunyamazisha dhamiri zao. Wakuu waliona kiburi cha vijana wanaojiona watakatifu kuliko walimu wao. Yafaa tukiri kwamba kosa hilo la kujiona bora liliwaandama baadhi ya Balokole kwa miaka mingi, na liliwagawanya wao kwa wao. Mtu akitoka katika maombi yake akawadharau wenziwe, ajue kwamba hakumaliza kujihoji.

Kwa askari somo liko wazi. Saa ya utulivu haimpi mtu ruhusa ya kuliacha lindo, wala ya kumkemea sajini wake mbele ya gwaride. Mahali pake ni katika muda wa mtu mwenyewe, na matunda yake huonekana katika utii mwema, subira na uaminifu. Ila iko siku moja nadra ambapo dhamiri na amri hugongana kwa kweli. Siku hiyo humkuta kila askari, na ole wake yule ambaye hajawahi kuzungumza na dhamiri yake kabla.

NYUMBA YENYE MLANGO WAZI

Katika miaka ya 1940 afya ya Nsibambi ilidhoofika. Yule aliyekuwa akizunguka akimwuliza kila mtu habari za wokovu sasa hakuweza kwenda mbali. Wenziwe walipanda magari na meli wakihubiri nchi za mbali, hata Ulaya na Marekani. Yeye alibaki nyumbani kwake, karibu na Namirembe, mwaka baada ya mwaka, kwa zaidi ya miaka 30.

Mtu mwingine angaliona maisha yake yamekwisha. Askari aliyelazwa muda mrefu, au aliyestaafishwa kwa jeraha, anajua jinsi siku zinavyokuwa ndefu, na jinsi mtu ajionavyo kama silaha iliyoondolewa kikosini. Nsibambi hakuuchagua udhaifu ule. Lakini alikuwa amejizoeza kukaa kimya wakati angali na nguvu, na kwa hiyo ukimya ulipokuja kwa nguvu ya maradhi haukumkuta hana akiba. Aliufanya kazi. Aliomba, na watu wakamjia: wahubiri waliochoka, waume na wake waliogombana, vijana wasiojua waelekee wapi. Walikaa naye, wakaombewa, wakaenda zao. Wale waliosafiri hadi miisho ya dunia walirudi kwake kupata shauri.

Nyumba hiyo pia ilikuwa nyumba ya baba mwenye watoto wengi, aliowalea pamoja na mkewe Eva. Mmoja wao, Apolo Nsibambi, aliyezaliwa mwaka 1940, alikulia katika miaka hiyo ya ukimya wa baba yake. Alikuwa profesa huko Makerere, juu ya Wandegeya, na baadaye Waziri Mkuu wa Uganda tangu 1999 hadi 2011. Alifariki mwaka 2019. Wengi wamkumbuka kwa kutunza wakati: alipenda mkutano uanze kwa saa yake. Mtoto wa mtu aliyetulia hakuwa mzembe.

MIAKA YA MWISHO

Mzee Nsibambi aliishi hadi miaka migumu ya utawala wa Idi Amin. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu aliyeokoka katika Uamsho huo huo mwaka 1948, aliuawa. Serikali ya wakati ule ilitangaza kwamba ni ajali ya gari, na watu hawakuamini. Siku hizi tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa. Luwum alikuwa mmoja tu kati ya watu wengi mno waliopotea katika miaka ile, na mikono iliyowachukua ilikuwa, mara nyingi, mikono ya watu waliolipwa na serikali kulinda raia.

Twaliandika jambo hili kwa uchungu, wala si kwa kuwashutumu askari wa leo. Lakini twajiuliza: miongoni mwa wale waliobeba silaha siku zile, ni wangapi waliokuwa na saa moja ya kukaa peke yao na kujihoji? Amri ilifuata amri, gari lilifuata gari, pombe ilifuata kazi ya usiku. Mtu asiyetulia hawezi kuisikia sauti iliyo ndani yake. Bunduki mikononi mwa mtu wa namna hiyo ni hatari kwa raia, kwa jeshi na kwake mwenyewe. Yule mzee mgonjwa wa Namirembe hakuwa na silaha, wala hakuweza kumzuia mtu yeyote. Alibaki akiomba mlango ukiwa wazi, na mwaka uliofuata, 1978, akafariki. Hakuuona mwisho wa utawala ule uliokuja mwaka 1979.

SAA YA ASKARI

Basi tumalize kwa neno la manufaa. Hatumwambii mtu aache kazi, wala ajifungie ndani miaka 30. Twasema atafute sehemu ya siku iliyo yake. Askari ana neema moja ambayo raia hana: huzoezwa kuamka kabla ya jua. Robo saa kabla ya paredi, kitanda kikiwa kimetandikwa na simu ikiwa imezimwa, yatosha kwa mwanzo. Asome kidogo, anyamaze, ajihoji habari za jana: mahabusu niliyemkamata nilimtendea haki? Niliyoyaandika katika kitabu cha matukio ni kweli tupu? Zile fedha alizonipa dereva kando ya barabara zilikuwa za nini? Kisha, kama kuna cha kutengeneza, akatengeneze siku hiyo hiyo.

Ndugu zetu Waislamu hawahitaji kufundishwa habari hizi na Walokole. Mwadhini huwaamsha kwa swala ya alfajiri, na wacha Mungu wao huamka hata kabla ya hapo. Kilicho muhimu ni kwamba swala isiwe ya kuinuka na kuinama mbio mbio, kama vile sala ya Mkristo isivyofaa kuwa maneno ya kasuku.

Na mahali hapakosekani. Aliye Wandegeya akitoka zamu aweza kupanda Makerere, ambako wanafunzi wana makanisa na msikiti, akaketi dakika chache. Au siku ya mapumziko aifuate barabara ya Makerere Hill hadi Nakulabye, kisha ashike Balintuma hadi chini ya kilima cha Namirembe. Ni mwendo wa miguu usiochosha. Juu ya kilima hicho watu wawili waliokaa siku mbili wakisoma na kuomba walianzisha jambo lililoenea Afrika Mashariki nzima, na karibu yake mmoja wao alitulia nyumbani mwake zaidi ya miaka 30, wala watu hawakuacha kumtafuta.